Zilikokwenda Barua za Opala

Jumatatu, 3 Machi

Saa mbili asubuhi. Mafunzo ya kichujio cha barua pepe hayajaisha. Niliyaanzisha jana saa tisa mchana kutoka nyumbani, kama kila Jumapili. Zamani yalichukua dakika arobaini; tangu Januari yanakesha, ila asubuhi nakuta yamekwisha. Leo zimepita saa kumi na saba na bado.

Chumba cha seva kina joto. Feni inazunguka bila kusaidia. Nimekaa juu ya kasha tupu la seramu, daftari gotini. Naandika kila hatua humu, kama nilivyofanya kwa miaka kumi na moja, ili kesho nisirudie ya leo.

Hatua ya kwanza: kumbukumbu ya mashine. Imejaa pomoni. Nimezima programu ndogo zote. Hakuna nafuu.

Kichujio kikiwa masomoni, barua zinasubiri. Zilizotumwa saa moja zimefika saa nne. Bohari zima linalalamika. Sisi ni bohari la dawa. Vituo vya afya vya mkoa wa Tshopo vinatuma maombi yao kwa barua, na barua zote zinapita katika mashine hii, na mashine hii ina ufunguo mmoja, na ufunguo uko shingoni mwangu.

Trésor, kijana mpya wa kompyuta, amepita mlangoni mara mbili. Alichungulia, akaenda zake. Ana adabu. Hilo linaniudhi kuliko kama angelalamika.

Saa kumi na moja mafunzo yameisha. Yamechukua saa ishirini na sita. Sijawahi kuona.

Kabla ya kutoka nimetupa barua tisa za Trésor ndani ya Uchafu, folda ya barua taka. Desturi yangu ya jioni tangu Novemba. Nilifuturu kwa uji na mihogo. Sikusikia ladha.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanzisha mafunzo upya asubuhi, nione yanapokwama. Hatua ya pili: majina. Programu huwa inauliza kila anuani imetoka wapi, na intaneti yetu ikilegea inasubiri jibu lisilokuja. Nimeizuia kuuliza. Yote bure. Inatambaa vilevile.

Mkurugenzi ameniita. Ombi la kituo cha Opala la mwezi huu halijafika. Baleinière ya kwenda Opala inaondoka Jumamosi asubuhi, na baada ya hiyo hakuna mashua nyingine ya kuaminika hadi mwezi ujao. Bila orodha ya kituo, hakuna sanduku linalotoka boharini. Ndiyo sheria yake, na ni sheria nzuri, tulishawahi kupeleka glavu kwa watu waliohitaji kwinini. Simu ya Opala haishiki tangu mnara uzimike. Wanatuma barua kwa satelaiti ya parokia.

Alisema mbele ya Trésor: "Mama Zaina, machine iko malade? Bon. Kama mpaka vendredi Opala haionekane, courrier yote inaenda kwa Ingénieur, na clé pia."

Yaani mwisho wangu ni Ijumaa; baada ya hapo barua zote na ufunguo vinakwenda kwa Trésor. Nilisema sawa. Nilisema kwa sauti ndogo.

Ingénieur. Miezi minne tu hapa. Amesomea Kampala, ana miaka ishirini na tisa, viatu vyake havina vumbi hata mvua ikinyesha. Wiki ya pili wote wakaanza kumwita Ingénieur, mhandisi. Mimi ni Mama ya mail. Nimeitwa hivyo miaka kumi na moja na sikuwahi kuona ubaya, mpaka alipokuja yeye nikasikia jina la mwingine lilivyo tamu.

Na tena. Nelly wa mapokezi alijifungua Januari. Mtoto anaitwa Trésor. Ingénieur sasa ana ndoyi, mtoto wa jina lake, na kila mwisho wa juma anapeleka sabuni na nguo ndogo kama ndoyi mwema anavyopaswa. Watu wanamsifu kwa hilo pia. Mimi nina wana watatu, wajukuu watano, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina langu. Wakwe zangu walikuwa na nyanya zao. Nikauliza mara moja, nikajibiwa vizuri, sikuuliza tena.

Nina wivu. Nimeandika. Liwe neno lililoandikwa.

Jumatano, 5 Machi

Hatua ya tatu: hifadhi ya maneno. Kichujio kina kitabu chake, kila neno ambalo kimewahi kuliona na uzito wake, neno hili ni la uchafu, neno hili ni la barua njema. Kitabu kimenenepa. Nimefuta maneno ambayo hayajaonekana kwa miaka miwili. Kazi ya saa tatu. Mafunzo yameenda kasi kwa robo saa, moyo ukanitulia, kisha yakalala tena.

Opala kimya.

Lazima niandike kuhusu Papa Augustin, kwa sababu ndiye aliyenikaa rohoni wala si mashine.

Ni muuguzi mkuu wa kituo cha Opala. Mtu wa mto, kwao Isangi, Mkristo wa kanisa na mkewe. Nimemwona kwa macho mara mbili. Lakini kila mwezi, miaka yote hii, chini ya orodha yake ya dawa, aliniandikia mistari mitatu, minne. Daima anaanza kwa kuniita dada mkubwa na kunipa salamu za mto wao: Yaya Zaina, mbote ya ku Lomami. Maji yamepanda hadi ngazi ya pili. Nyani wameiba sabuni ya wodi ya wazazi. Mke wangu anakusalimu. Mume wangu alipofariki, ofisi walileta shada kubwa lenye utepe. Papa Augustin aliandika mistari minne, na hiyo mistari ndiyo niliyoisoma siku arobaini.

Si mapenzi. Ni kwamba kuna mtu mmoja alikuwa akiniandikia mimi.

Novemba Trésor akaleta fomu yake ya maombi, akaijaribu kwanza Opala. Tangu hapo orodha zinakwenda kwake. Na salamu pia. Yeye, kwa ustaarabu wake, ananitumia kopi ya kila kitu. Picha za rafu za Opala, picha za fomu, na chini yake maneno ya Papa Augustin yamenukuliwa yote: Ingénieur, mbote ya ku Lomami.

Mbote yangu. Amempa yeye.

Siku niliposoma hiyo, niliichukua nikaitupa ndani ya Uchafu, folda ambayo kichujio kinasomea takataka. Nikasikia raha kama ya kukuna. Kesho yake tena. Barua za ndani ya ofisi hazipiti kichujio, kwa hiyo nilijua haimdhuru. Hasira isiyo na meno. Mpaka Desemba salamu zangu zilikuwa zinakuja bado, chache. Januari zikakatika kabisa. Nikajua nimesahauliwa, na nikatupa zaidi.

Leo sikutupa. Sikuwa na nguvu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata.

Hatua ya nne nilikuwa naikimbia: kuiangalia programu ikisoma barua moja baada ya nyingine. Nimekaa tangu saa mbili na nusu. Barua mia mbili za kwanza, za matapeli wa bahati nasibu na wajane wenye dhahabu, zimepita kama maji. Kisha ikasimama. Dakika kumi juu ya barua moja. Nikafungua nione ni ipi.

Ya Trésor. Picha kumi na sita za rafu za Opala.

Ikapita, ikashika nyingine. Dakika kumi na moja. Ya Trésor.

Programu ina kikomo. Barua nzito inarukwa, haisomwi, kwa sababu hakuna mwenye akili anayefundisha kichujio kwa picha. Nikaangalia kikomo. Hakuna. Nikatafuta nani ameondoa na lini, ingawa kwenye chumba hiki anaingia mtu mmoja tu. Tarehe kumi na mbili Januari. Mimi. Nakumbuka vizuri. Niligundua kwamba barua zake zinarukwa, zinakaa ndani ya Uchafu bila kusomwa, na hilo likanikera. Nilitaka zisomwe. Nikaondoa kikomo kwa mkono wangu, nikaenda kunywa chai.

Naandika hatua zote humu, lakini ile sikuiandika. Nimefungua ukurasa wa tarehe hiyo. Kuna mvua na bei ya mboga ya pondu.

Barua zake mia moja arobaini na mbili. Nimeziondoa zote, nimerudisha kikomo, nimeanzisha upya. Dakika thelathini na nane. Foleni ya barua imefunguka, watu wakapiga makofi kule mapokezi. Mkurugenzi mwenyewe amekuja mlangoni kuitikia kwa kichwa. Trésor amenipongeza, "Félicitations, Mama Zaina. Miye ningepoteza semaine nzima." Wiki nzima, yeye.

Nilijisikia mrefu. Kwa saa moja hivi.

Saa tisa foleni imekwisha kabisa. Nimeipitia barua kwa barua. Banalia wapo. Isangi wapo. Bengamisa hawapo kwa sababu wanatuma mtu na pikipiki. Opala hawapo.

Basi hakutuma. Nimefikiri: fomu ya Ingénieur imemshinda mzee wa watu. Na nimefurahi. Kituo kizima cha wagonjwa hakina orodha, na mimi nimefurahi. Nimefunga chakula tangu alfajiri, lakini hili nimelila mchana kweupe.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ndefu. Nitajaribu kwa mpangilio.

Saa tatu Mkurugenzi ametupeleka mimi na Trésor kwenye phonie, redio ya mawasiliano ya parokia hapa mjini. Padri alikuwa akiita Opala tangu asubuhi. Betri ya kule iko karibu kufa, sauti inakuja na kwenda. Kisha sauti ya Papa Augustin, ambayo nilikuwa nimeisikia mara mbili tu maishani na nikaijua hapohapo.

"Nilisha tuma fois tatu. Narudilia, tatu. À vous."

Mkurugenzi, zamu ikiwa yake, akauliza hizo mara tatu alituma kwa nani.

"Kwa Ingénieur. Na Yaya Zaina pia nilimuandikiaka, mara mingi. Hajibu. Iko mugonjwa? À vous."

Kila mtu aliniangalia. Nilitazama waya za betri.

Sauti ikakatika, haikurudi. Orodha hatukuipata. Nje, kwenye ngazi, Mkurugenzi alimgeukia Trésor, akaitupia fomu yake lawama. "Ingénieur, formulaire yako njo inaleta mambo hii. Mbele ya wewe kuja, Opala ilikuwa inafika."

Trésor alikunja mikono. Hakujitetea. Akasema tu, "Papa, tungoje kwanza. Mama Zaina njo anajua njia ya zile barua. Atazipata."

Mimi nilitangulia kushuka ngazi. Ningeweza kusema neno. Nilinyamaza mpaka ofisini.

Nikajifungia chumbani. Nikafanya jambo ambalo sijalifanya kwa miaka: nikakiambia kichujio kinionyeshe kitabu chake, maneno kinayoyaona ni machafu kuliko yote, kuanzia juu. Nilitarajia bahati nasibu, dhahabu, urithi, haraka.

Neno la kwanza: Lomami.

La pili: Opala. La tatu: mbote. Kisha baleinière. Kisha Augustin. Yaya lilikuwa la tisa. Dhahabu lilikuwa la ishirini na kitu.

Nimeketi chini sakafuni. Barua mia moja arobaini na mbili zenye maneno yake yaliyonukuliwa, na mimi niliyezisomesha kila Jumapili kama takataka. Za Trésor zenyewe hazikudhurika, ni za ndani. Zilizodhurika ni zinazotoka nje, zenye maneno hayohayo: kwanza salamu tupu za kwangu, mwishowe hata fomu, ambazo majina ya dawa yalizikinga mpaka Februari. Na kuziondoa kwenye folda jana hakukusaidia kitu. Kichujio hakisahau somo kwa sababu umeficha kitabu.

Halafu karantini. Kila barua inayokataliwa inakaa karantini siku ishirini na moja, kisha inafutika yenyewe. Hakuna aliyewahi kwenda kuangalia humo. Hapakuwa na haja. Kichujio changu hakikuwa kikikosea, niliwaambia watu hivyo kwa miaka, kwa majivuno.

Nikafungua. Maombi matatu ya Opala, moja moja, yamejazwa vizuri kwenye fomu. Nikachapisha la mwisho, nikampelekea Mkurugenzi. Akauliza lilikuwa wapi. Nikasema, kichujio kilikosea. Sikusema nani alikuwa mwalimu. Akapiga kelele za furaha, watu wakaanza kupanga masanduku.

Nikarudi. Kulikuwa na barua nyingine nne. Kwangu.

Nazinakili hapa kwa sababu siziamini mashine tena.

*Yaya Zaina, mbote ya ku Lomami. Sijui kama za mwezi ya kwanza ulizipata. Ingénieur iko mutu muzuri. Nilimuambia akutumie kopi ya kila kitu, juu usifikirie tumekuweka pembeni. Wewe njo mwenye nyumba.*

*Yaya Zaina, mbote ya ku Lomami. Habari kubwa. Binti yangu amezaa mutoto mwanamuke. Tumezungumuza ku nyumba. Nilisema kuna mama mumoja kule Kisangani, miaka mingi dawa yetu inapita mu mikono yake. Tunaomba jina. Mutoto aitwe Zaina, awe ndoyi yako. Lakini bila kuitika kwako hatuwezi. Ufikirie kidogo halafu ujibu.*

*Yaya, sijapata jibu. Pengine haikufaa kuomba jina ya Kiislamu kwa mutoto ya Wakristo. Kama nimekosa, unisamehe. Batisimu iko ku kanisa dimanche ingine. Tunakungojea.*

*Yaya Zaina. Mutoto amebatizwa. Amepewa jina ya nyanya yake upande ya baba, Marthe, alikufaka zamani. Tunakusalimu. Usijisikie mubaya juu ya ile. Najua una kazi mingi.*

Hiyo ya mwisho ni ya Jumatatu. Siku niliyokuwa nimekaa kwenye kasha la seramu nikihesabu saa ishirini na sita.

Za Januari zimeshafutika. Sitajua kamwe zilisema nini.

Nililia. Nimelia kwa sauti na feni ikanifichia.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya wanawake. Wenzangu wamevaa kikwembe cha mwaka huu na kwenda kuandamana mjini. Mimi nilikuwa beach, bandari ya mto, tangu saa kumi na mbili na nusu, na masanduku tisa ya Opala, na Trésor.

Nilikuwa na barua ya mkono katika bahasha. Kurasa mbili. Niliiandika mara tatu. Nimeitia ndani ya sanduku la kwinini, juu kabisa, jina lake kwa herufi kubwa. Hiyo haipiti kichujio.

Wapagazi wakipakia, nimemwambia. Sikumzungusha. Nilisema: barua zako zote tangu Novemba nilizitupa uchafu, kwa makusudi, kwa sababu ya kijicho. Kichujio kikasoma maneno ya Opala humo. Ndiyo maana hazikufika. Jana Papa Directeur alikusema pale ngazini na nikakuacha.

Alicheka kidogo. Kisha akaona sicheki.

"Zote?"

"Mia moja arobaini na mbili."

Aligeuka, akatazama mto. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa hata na majibu. Akasema, "Kumbe ulikuwa unazihesabu." Halafu: "Miye nilifikiri haunisomake."

Kisha akauliza kwa nini kijicho, yeye ana nini. Nikamwambia. Jina, viatu, Kampala, ndoyi, mbote. Nilipofika kwenye mbote alikunja uso, akasema Papa Augustin hana salamu nyingine, anaandika hivyo hata kwa Mkurugenzi, hata kwa mtu wa mafuta ya mashua. Sijui kama alitaka kunifariji. Iliuma zaidi.

Baleinière imeondoka saa tatu kasoro robo. Masanduku yote tisa. Nilisimama mpaka haikuonekana.

Hata wema wake namwonea wivu. Mimi nisingeweza. Mimi ningepiga kelele beach nzima isikie.

Jumapili, 9 Machi

Tumefundisha kichujio upya, wote wawili, mchana, ofisi tupu. Nimekifuta kitabu chote. Miaka kumi na moja ya maneno. Kidole kilisita. Trésor alitazama ukutani nikibonyeza.

Tumepanga Uchafu barua kwa barua. Kila moja tunaisoma wawili kabla ya kuiingiza. Ni polepole lakini ni safi. Barua za zamani za Papa Augustin, zile za miaka yote, nilikuwa nimezihifadhi. Nimezitia ndani ya folda ya Barua Njema. Trésor amesoma ile ya nyani na sabuni, akacheka mpaka akashika meza. Nimejisikia vibaya kumwonyesha, kisha nikamwonyesha na ile ya mafuriko.

Alikuwa ameleta tende kwa futari yangu, amezifunga kwenye gazeti. Alizileta pia wiki iliyopita na nikampa mlinzi. Leo nimekula.

Mafunzo: dakika ishirini na mbili.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Mkurugenzi. Mwenyewe, mlango umefungwa. Nimevua ufunguo shingoni nikauweka mezani.

Aliuzungusha kwa kidole. Alisema maneno makali mawili, yalinistahili, siyaandiki. Kisha akamtuma mtu kwa fundi wa funguo. Sasa ziko mbili. Mmoja wangu, mmoja wa Trésor. Na kabla ya barua yoyote kuingia Uchafu au Barua Njema, wote wawili tunatia sahihi daftarini.

Wake ni mpya, unang'aa. Wangu umekwisha meno. Nimeona hilo mara moja. Sijapona.

Jumanne, 18 Machi

Hakuna kitu kutoka Opala. Mashua haijafika, ni mapema. Nafungua karantini kila asubuhi kabla ya kuvua viatu. Tupu, au wajane wa dhahabu tu.

Nelly amekuja na mtoto mgongoni. Trésor mdogo ananenepa. Nimembeba. Alinivuta ushungi.

Jumanne, 25 Machi

Kazi ya kawaida. Mvua asubuhi, njia ya Tshopo matope, nimechelewa robo saa. Mafunzo ya juzi: dakika ishirini na tano. Foleni safi.

Saa nne na nusu barua ya Opala imeingia. Imepita kichujio bila kuguswa. Ni kwa Trésor, mimi kwenye kopi. Masanduku tisa yamefika, moja limelowa upande, dawa zi salama. Kwinini imeanza kutumika siku hiyohiyo.

Chini kabisa, baada ya orodha:

*Yaya Zaina, mbote ya ku Lomami. Barua yako ya mukono nimeisoma, na mke wangu pia amesoma. Jina ya batisimu haibadilike. Marthe analala vizuri. Binti yangu anasema, ingine ikizaliwa, tutakuuliza tena.*

Nimeisoma mara nyingi. Trésor ameisoma kwenye mashine yake kule ng'ambo ya ukuta, nimesikia kiti chake kikisogea, na hakuja. Nimemshukuru kwa kutokuja.

Ninamwonea wivu nyanya Marthe, ambaye simjui, na ambaye Papa Augustin anasema amekufa zamani. Ni wivu mdogo. Unakaa tu.

Nimeiweka barua katika Barua Njema. Nimetia sahihi daftarini, na nimeacha nafasi ya sahihi ya Trésor.